Kichomi cha Mwezi wa Saba

Kichomi kilinishika nikiwa nimeinamia ubao wa paini, tepu mkononi, napima chaga za kitanda cha tano kwa sita. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, Mafinga, na ukungu ulikuwa ule wa kufanya malori ya magogo yapite na taa hadi saa nne. Nilihisi baridi. Nikajiambia, mwezi wa saba ukiwa Mufindi na huhisi baridi, basi umeshakufa. Kisha meno yakaanza kugongana. Nikataka kuandika kipimo kwenye ubao, penseli ikachora mstari uliopinda kama wa mtoto wa chekechea. Nikakaa juu ya rundo la maranda, nikatetemeka.

"Wee mama, vipi?" Aliyeuliza ni mwenzangu, mwanamke anayepaka vanishi pale karakanani kwangu. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi.

"Baridi tu."

"Hiyo siyo baridi. Baridi haimtoi mtu jasho."

Kweli nilikuwa natoka jasho. Nilipovuta pumzi ili nimjibu, kitu kikanichoma ubavuni, upande wa kulia chini ya titi, kama mtu amenipiga patasi na kuiacha humo humo.

Niseme mapema: ninaishi na virusi vya UKIMWI. Mafinga wanajua, na aliyewaambia ni mimi. Kila asubuhi nikishachemsha chai nameza kidonge kimoja, na sijawahi kuruka. Kila nilipopimwa wingi wa virusi, jibu lilikuwa lile lile: havionekani. Watu wakiniuliza kwa nini natangaza, huwa nawajibu kwamba nimeshaona kunyamaza kunavyoua. Kulimuua mume wangu.

Karakana ilikuwa yake. Alikuwa Mhehe wa vijiji vya karibu na Tosamaganga, fundi hodari, mtu mpole asiyepandisha sauti hata msumeno ukimkata. Alinikuta Uyole, Mbeya, nikiuza viazi sokoni, akanioa, akanileta huku kwenye mbao. Mwaka wake wa mwisho alikohoa msimu mzima wa baridi akisema ni vumbi la randa. Kichomi kilipomshika alikwenda duka la dawa akachomwa sindano, akarudi, kesho yake akachomwa nyingine. Siku ya tano alifariki, kwenye kitanda alichokitengeneza kwa mikono yake. Wiki mbili baada ya kumzika nilifungua sanduku lake la zana nikitafuta misumari, nikakuta dawa za kufubaza virusi chini ya vipande vya msasa. Kopo lilikuwa na vumbi. Alikuwa anameza siku ambazo mimi sipo, na siku nyingi nilikuwepo.

Msibani mama yake alisimama akasema, "Mwanangu ameuawa na kichomi," akakaa. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje kichomi kikamshinda mwanaume wa miaka thelathini na tisa. Tulizika, tukala, tukanyamaza.

Mimi nikaenda kupima. Niliporudi na majibu niliwaambia mafundi wazime mashine, nikawatangazia. Mmoja alivaa koti lake akaondoka, hakurudi tena. Waliobaki wakatazamana, halafu mmoja akauliza, "Sasa dada, randa tunawasha au hatuwashi?" Tukawasha.

Kwa hiyo kichomi kiliponishika mimi, nilikuwa nakijua kwa jina na kwa tabia. Sikutaka kukaa nacho hata siku moja. Mwenzangu akaita bajaji, tukaenda zahanati iliyokuwa karibu, ya mtu binafsi, chumba kimoja na benchi. Tabibu alipokea kadi yangu ya kliniki, akaisoma, na nikaona uso wake ukifunga kazi hapo hapo.

"Dawa unatumia?"

"Natumia."

"Mama, sema ukweli. Mtu anayemeza dawa vizuri hawi hivi. Umekatisha."

"Sijakatisha. Nisikilize kifua."

"Kifua nisikilize nini? Hali hii inajulikana. Leo Ijumaa, Jumatatu nenda kliniki yako wakakuanzishie upya."

Akanipa chupa ya dawa ya kikohozi. Kifaa chake cha kusikilizia mapafu kilikuwa kinaning'inia shingoni muda wote.

"Hicho ulichovaa shingoni," nilimwambia, "ni mkufu?"

Mwenzangu akanivuta mkono. Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini pumzi iliniishia mlangoni.

Kulipokucha Jumamosi nilikuwa siwezi kusimama. Mwenzangu akampigia simu shemeji yangu, mdogo wake marehemu, kwa kuwa ana pikapu, akamwomba anipeleke hospitali ya wilaya. Alikuja haraka, hilo simnyimi. Asubuhi ile naikumbuka vipande vipande: blanketi, harufu ya vanishi kwenye mikono iliyonibeba, na sauti ya shemeji ikiuliza, "Funguo za karakana ziko wapi? Nizitunze." Hilo nililisikia vizuri kuliko mengine yote. Gari likaondoka. Badala ya kukata kona kuelekea hospitali, likaingia barabara kuu ya Iringa.

"Tunaenda wapi?" niliuliza.

"Nyumbani kwanza, shemeji. Mama akuone."

Nikalala, nikaamka kwenye jiko la mama mkwe wangu, juu ya mkeka, moto wa kuni karibu na kichwa, moshi umejaa hadi kwenye bati. Ukutani walikuwa wamekaa ndugu wa mume wangu, kimya, kama watu wanaosubiri gari ambalo wana hakika litafika. Wengine sikuwa nimewaona tangu tumzike mume wangu. Nilipogeuza shingo nikaona sufuria iliyokuwa inasuguliwa pale nje mlangoni. Ilikuwa ile kubwa, ile ya misiba.

Hasira ilinipanda mpaka nikapata nguvu ya kukaa.

Shangazi wa mume wangu akaniwekea mkono begani. "Lala, mwanangu. Na hizo dawa kali ziache kwanza. Mwili umechoka, unazibeba za nini?"

Kopo langu lilikuwa limebaki Mafinga, na nadhani walifikiri habari imeishia hapo. Hawakujua kwamba mimi vidonge vya wiki moja huwa natembea navyo, nimevifunga kwenye pindo la kitenge kama wenzangu wanavyofunga hela. Siku ile nilimeza nikiwa nimelala, asubuhi ya Jumapili nikameza tena, waziwazi, kwa uji uliopoa, nikimtazama shangazi machoni. Kisha nikamwita shemeji.

"Nipeleke hospitali. Ile ya misheni iko hapo tu mlimani."

"Pumzika, shemeji. Gari haina mafuta. Tuone kesho."

"Kesho nitakuwa nimekufa."

"Usiseme hivyo. Hospitali watakutesa na masindano tu. Hata kaka, kwani tulimpeleka wapi?"

"Hamkumpeleka popote," nilisema. "Ndiyo maana tulimzika."

Mama mkwe wangu alikuwa kwenye kigoda chake, anatazama moto. Hakuinua uso.

Shemeji alijaribu kucheka. "Nyie Wanyakyusa hamna breki."

"Breki nitafunga nikifika hospitali."

Nikasimama. Niliegemea ukuta, nikachukua mpini wa jembe uliokuwa umesimamishwa pembeni ya mlango, nikatoka. Hakuna aliyenishika. Nafikiri waliamini nitaanguka uani, nami ningerudishwa kwenye mkeka bila ubishi.

Sikuanguka uani. Nilipita shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, nikashika njia nyekundu ya kupandia mlima. Kwa mtu mzima mwenye afya ni mwendo wa saa moja. Mimi nilikuwa nakwenda hatua kumi, nasimama, naegemea mpini, nakohoa, natema. Makohozi yalikuwa na rangi ya kutu, kama maji ya bomba lililokaa bila kutumika. Kila pumzi niliikata katikati kwa sababu ya ile patasi ubavuni. Wanawake waliokuwa wanatoka kanisani walinipisha njia, wakanisalimia, "Kamwene," nami sikuweza kuwaitikia ila kwa kichwa.

Nyuma yangu nikasikia, "Mkamwana! Mkamwana, rudi!"

Alikuwa mama mkwe, anapanda kwa kasi, kanga moja imeshuka begani. Ana miaka sabini na ushee, na milima ile ameipanda akiwa na kuni kichwani tangu utotoni.

"Rudi. Watu watasema nimekufukuza."

"Waseme."

"Utafia njiani!"

"Nikifia njiani watajua nilikuwa naenda wapi."

Alinifikia. Alikuwa anahema, nami nilikuwa nahema, tukasimama pale tukitazamana, wanawake wawili tuliomzika mwanaume mmoja na hatukuwahi kumzungumzia. Nilingoja anivute. Badala yake alivua shuka zito alilojifunika, akanizungushia, akalifunga kifuani kwa fundo. Kisha akanipa mgongo.

"Shika bega," alisema.

Nikashika. Tukaenda hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, kama vipofu. Tulipofika kwenye barabara ya magari akasimama katikati ya njia, mikono ameipanua, bodaboda ikalazimika kufunga breki miguuni pake. Dereva akalalamika kwamba hapakii mshikaki, tena mgonjwa. Mama mkwe akamwambia, "Wewe nakujua kwenu," akanipandisha katikati, akapanda nyuma yangu, akanikumbatia kiunoni. Tukafika hospitali watatu juu ya pikipiki moja.

Waliniweka kitandani, wakanibana kidole na kile kifaa cha kupimia hewa kwenye damu, na muuguzi akaita daktari kwa sauti. Daktari alikuwa dada mdogo, labda hajafikisha thelathini. Akaniwekea mpira wa oksijeni puani. Akaweka kifaa chake mgongoni kwangu, kushoto, kisha kulia, kisha kulia tena kwa muda mrefu. Nilifumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa mtu alikuwa anakisikiliza kile kifua.

"Ana ugonjwa mwingine wowote?" aliuliza. "Kuna dawa anatumia?"

Nilitaka kujibu, sauti haikutoka. Mama mkwe wangu akasogea mbele.

"Ana virusi vya UKIMWI," alisema, kwa sauti ya kusikika wodini. "Dawa anameza, hajaacha, leo amemeza nikimwona. Usimpe ya kikohozi. Mwanangu, mume wake, na yeye alikuwa navyo. Alikufa kwa kichomi hiki hiki."

Daktari aliandika. Nilidhani mama mkwe amemaliza.

"Mimi nilijua," akaendelea. "Mwanangu aliniambia mimi kabla ya mtu yeyote. Mimi ndiye nilimwambia anyamaze."

Nilimtazama. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda changu kwa mikono miwili, anamtazama daktari, wala hatazami kwangu. Miaka yote ile nilifikiri mume wangu alinificha kwa woga wake mwenyewe. Nilitaka kupiga kelele, lakini pumzi niliyokuwa nayo ilikuwa ya kuhesabu. Labda ilikuwa heri, maana ningesema maneno yasiyorudishika.

Picha ya kifua ilionyesha upande wa kulia, chini, mweupe kabisa mahali panapotakiwa kuwa peusi. Makohozi yakapimwa kifua kikuu, hakikuwepo. Wakanitundikia dripu na kunichoma sindano asubuhi na jioni. Siku ya pili homa ilikuwa bado inanipandisha na kunishusha, na kuna saa nilimwona mume wangu amekaa kwenye kitanda cha jirani anapiga msasa mguu wa meza. Siku ya tatu niliamka nimeloa jasho, nikaomba ugali.

Daktari alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. "Ni bakteria," aliniambia. "Kichomi kinampata mtu yeyote. Ila nyinyi mnaoishi na virusi kinawapata kirahisi zaidi, hata anayemeza dawa vizuri. Ndiyo maana mkianza homa na kichomi msisubiri."

"Kwa hiyo sikukosea kitu?"

"Ulikosea nini? Ulikuja."

"Zahanati waliniambia nimekatisha dawa."

"Tumekutoa damu, majibu yatakuja," alisema. "Lakini mimi nakuamini kabla ya majibu."

Yalipokuja, virusi havikuonekana.

Mama mkwe alilala pale pale hospitali na wauguzaji wengine, akanipikia uji, akaninawisha uso. Nilipopata sauti nilimuuliza.

"Kwa nini ulimwambia anyamaze?"

Alikuwa anakoroga uji. Aliendelea kukoroga.

"Niliogopa ungemwacha."

"Ningemwacha?"

"Sikukujua. Ulikuwa mgeni, umetoka huko Mbeya. Na niliogopa watu. Niliona aibu ni kubwa kuliko ugonjwa." Akamimina uji kwenye kikombe. "Nilimwambia, meza kwa siri, Mungu atasaidia. Hakuweza kumeza kwa siri."

Wasimuliaji wengine wangesema nilimsamehe palepale, tukalia wote. Sikumsamehe siku ile. Nilimwambia, "Ungemwacha aseme, angekuwa hai," na akaitikia, "Ndiyo." Uji niliunywa. Ulikuwa mzuri na nilikuwa na njaa, na hasira yangu ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikuhitaji nigome kula. Msamaha ulikuja baadaye, kidogo kidogo.

Siku ya tano shemeji alikuja na ndizi. Akasimama mbali na kitanda.

"Pole, shemeji. Tunamshukuru Mungu."

"Funguo," nilisema.

"Nilikuwa nazitunza tu. Kuna mtu alitaka kuiangalia ile randa, kuiangalia tu, nikamwambia asubiri."

"Umetunza vizuri. Sasa toa."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Alimtazama mama yake kama anayeomba msaada. Mama yake akanyoosha kiganja, akakiacha hapo hewani mpaka funguo zikawekwa juu yake. Kisha akaniletea mimi, akanifumbatisha vidole.

Niliporudi Mafinga nilikuwa mwepesi kama ubao wa dari. Karibu mwezi mzima sikuweza kubeba hata mbao mbili bila kukaa. Mafundi walinitengenezea kiti kirefu nikawa napima na kuandika, wao wanakata. Tulihamisha randa tukaiweka upande ulio wazi, vumbi litoke, na sasa kila anayeiwasha anavaa barakoa, apende asipende. Jiko la kuni nyumbani kwangu nililitoa nje.

Wiki ya kwanza nilipoweza kutembea bila kusimama njiani, nilikwenda kwa yule tabibu. Nilikaa foleni kama wengine. Zamu yangu ilipofika nikaweka picha ya kifua juu ya meza yake, na karatasi ya majibu ya damu juu yake.

"Sikukatisha dawa," nilisema.

Aliinua picha kuelekea dirishani, akaitazama muda mrefu. Alisoma karatasi mara mbili. "Ningekusikiliza kifua ningelisikia hili," alisema, kwa sauti ya chini.

"Ungelisikia."

"Samahani, mama."

"Samahani yako nimeipokea. Lakini wapo wengine kwenye benchi hapo nje."

Nikachukua vitu vyangu nikatoka. Sijui kama alibadilika. Najua tu kwamba mwenzangu wa vanishi alipompeleka mama yake pale baadaye, mama huyo alivuliwa sweta na kusikilizwa mbele na nyuma.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoingia, mama mkwe alinipigia simu asubuhi, nikiwa napaka gundi. Kulikuwa na binti kijijini, nyumba ya tatu kutoka kwake, anatetemeka na kukohoa, na wenyewe wamemfungia ndani. Kila mtu alikuwa anajua anachukua dawa kliniki, na kila mtu alikuwa anajifanya hajui.

"Nimeenda," alisema. "Wamenifukuza. Wameniambia nipeleke umbea kwetu."

"Ukafanyaje?"

"Nimekaa mlangoni kwao. Niko hapa mpaka sasa. Nimewaambia mimi nilizika mtoto kwa kunyamaza, sasa sinyamazi, watanitoa na kiti. Baba yake anazunguka tu uani hajui pa kuniweka."

Nilisikia kweli sauti ya mwanaume nyuma yake, inalalamika. Nikazima mashine ili nisikie vizuri.

"Mama, wana usafiri?"

"Bodaboda nimeshaita. Ngoja, wanafungua." Akakata simu.

Nilisubiri na brashi ya gundi mkononi mpaka ikakauka. Karibu saa sita simu ikaita tena. Walikuwa hospitali, binti amewekewa oksijeni, na mama mkwe wangu alikuwa na njaa, anauliza kama naweza kumtumia hela ya chakula kwa simu. Nilimtumia. Binti alikaa wodini siku tisa. Siku anaruhusiwa, mama mkwe alimsindikiza hadi kwao, akapita naye katikati ya kijiji, taratibu, barabarani, wakati watu wote wapo nje wanaanika mahindi.